Hodi ya Kabati la Isebele

Kabati la diski liliposhushwa kwenye gari lilikuwa bado na tope la Isebele miguuni, tope jekundu lililokauka na kupasuka. Sekela alilifuta kwa kitambaa kabla hajagusa kitu kingine, maana chumba cha mitambo hakiingizwi tope. Alifuta huku akiangalia mlango, akiangalia dirisha, akiangalia mlango tena. Saa tisa ilishapita. Jua likizama, baridi ya Ndumbi huwaingiza wazee kitandani mapema, na wakisinzia tu vipuli vyao vitaanza kumimina siku nzima ndani ya seva. Na seva ilikuwa imejaa, haina nafasi hata ya kuweka kikohozi.

"Sekela!" Spika ya ukutani ilikoroma. "Umelala huko?"

Huyo alikuwa Mama Kyando, mkuu wa kituo, mwanamke ambaye hata akikusalimia unadhani umekosa.

"Nachomeka kebo, mama."

"Kebo gani inachomekwa kama kutunga uzi kwenye sindano? Mimi nilizaa mapacha kwa muda mfupi kuliko huo."

"Ni nyuzi mbili, mama. Moja ya kazi, moja ya akiba."

"Basi chomeka ya kazi, akiba itajijua yenyewe!"

 Sekela alichomeka zote mbili, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, akazibonyeza mpaka zikalia tiki, akasubiri taa. Nyekundu. Njano. Njano, njano, njano, mpaka akaanza kuipigia mguu sakafuni. Kijani.

Aliyepona Homa ya Ukungu alipona mwili tu. Akilala, usingizi unamfuta. Anaamka anajua kusema, anajua kufunga kamba za viatu, anajua kukoroga uji usishike, ila huyo aliyelala ubavuni pake hamjui ni nani. Ndiyo sababu watu wazima wote wa nyanda za juu walivaa kipuli sikioni: mtu akisinzia, kipuli kinaimimina siku yake kituoni; alfajiri, kabla hajaamka, kituo kinamrudishia maisha yake yote, naye anafumbua macho na kumwita mkewe jina.

Waliobuni vipuli walikuwa watu waoga, hawakuamini kitu kingine isipokuwa kanda, zile za kuzunguka kwenye magurudumu. Kipuli kikizungumza na kituo husema, nipe kanda yangu, irudishe nyuma, isogeze mbele. Kanda zenyewe zilishaoza na kutupwa. Siku hizi seva ndiyo inayovidanganya. Kipuli kinaomba kanda, seva inasema hii hapa, kumbe ni diski iliyochorwa mistari ya kanda, na kila mtu anaendelea na shughuli zake. Sekela aliipenda seva kwa uongo huo. Alisema ni uongo wa mama anayemwambia mtoto dawa ni tamu.

Diski zikijaa, unachomeka kabati la nje. Na hapo ndipo palipokuwa na kero, kwa sababu walioiunda seva walitaka iwe na adabu za kwetu. Kabati geni likichomekwa halisemi limeunganishwa. Linapiga hodi.

"Hodi," ilisema seva kwa sauti ya kabati, sauti ya mtu mzima mwenye mafua.

Hodi ya kwanza. Mwenye zamu akisema lile neno la kujibu, lile unalolijua wewe na mimi, kabati linaingia ndani, na seva inachora mistari yake juu ya chochote kilichokuwamo. Kinafutika. Hakuna kumkaribisha mgeni nusu na kumwacha nusu. Mwenye zamu akinyamaza, kabati hupiga hodi ya pili, kisha ya tatu. Isipojibiwa hata hiyo, seva hulijua kabati kuwa ni mgeni wa barazani. Vilivyomo unaweza kuvisikiliza, huwezi kuvitumia, na kabati halipigi hodi tena mpaka kesho yake.

Mafundi wote wana mazoea yao. Hodi ya kwanza huiacha ipite, halafu muda wa kungoja ya pili wanautumia kukagua diski kama ni nzima. Mzee Lutengano, aliyeshika zamu kabla ya Sekela, alikuwa katika ukaguzi huohuo jirani alipokuja na mkungu wa ndizi na kupiga hodi mlangoni. Mzee akaitikia. Kanda za marehemu wa tarafa nzima zikafutika, zilizokuwa kabatini zikingoja kusikilizwa na watoto wao. Alilia mpaka akavimba uso, lakini hakuna aliyemnyooshea kidole. Wamlaumu kwa lipi? Hodi ikipigwa, mdomo wa mtu wa kwetu hauulizi kichwa.

Sekela alivaa vipokea sauti, akaanza kukagua. Kituo cha Isebele kilifungwa baada ya mlima kuporomoka, na watu wake walihamishiwa vituo vingine pamoja na kanda zao. Aliambiwa kabati ni tupu. Naam, lilikuwa tupu. Kanda ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu kimya. Alianza kuziruka huku akipiga kidole mezani. Kimya, kimya, kimya.

Halafu mtu akacheka sikioni mwake.

*

Kila kanda huanza na mwenyewe kutaja jina, ili kesho na keshokutwa asipewe maisha ya jirani. Huyu alikuwa ameshindwa kulitaja kwa kicheko.

"Mimi ni Gwamaka... aisee, ngoja kwanza. Mimi ni Gwamaka Mwaki..."

"Sema vizuri, wewe!" Mwanamke, karibu sana na kinasa sauti. "Wataandika Mwakichefuchefu, uamke na jina hilo."

"Baba, sema na mimi nipo!"

"Haya. Mimi ni Gwamaka Mwakibinga, fundi baiskeli wa hapa Isebele. Anayenivuta sikio ni Lugano, mwanangu. Mwenye makelele ni mama yake."

Sekela aliondoa vipokea sauti kichwani, akaviweka mezani polepole. Kisha akavivaa tena na kurudisha mwanzo, kwa sababu mtu akichomwa na mwiba hugusa tena palepale panapouma.

Ile "aisee" aliijua. Ilivutwa mwishoni kidogo, na kabla yake kulikuwa na kumeza mate. Aliisikia kila asubuhi, mume wake akiupima ubaridi wa maji kwa kidole.

Mume wake alikutwa barabarani siku mbili baada ya mlima wa Isebele kuporomoka, sikio limechanika, kipuli kimepondwa. Waliomwuliza jina aliwajibu sijui. Unatoka wapi? Sijui. Basi watu wa Ndumbi, ambao kwa utani hawajambo, wakamwita Bwana Sijui. Alipewa kipuli kipya, akaanza kanda mpya, kutoka siku ile. Sekela ndiye aliyemfunga kipuli. Ndiye aliyemwonyesha pa kununua makaa. Mvua ya kwanza walikuwa wanasalimiana, ya pili wanalima viazi pamoja, ya tatu wakaoana, na hadi leo mwanamume huyo hupiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Sekela alimtania sana kwa hilo. Mwenye nyumba anapigaje hodi? Naye hujibu, mke wangu, sijui kama ni kwangu.

Alikuwa mume mwema, mpole. Lakini kicheko kile cha kwenye kanda, kile cha mtu asiyeogopa kuwa anasumbua, Sekela hakuwahi kukisikia nyumbani kwake hata siku moja. Wivu ulimpanda. Akauonea aibu, na aibu haikuupunguza.

"Hodi," ilisema seva. Ya pili.

"Sekela!" Spika ya ukutani. "Nimesikia hodi huku kwangu! Mjibu mgeni wa watu!"

"Nakagua bado."

"Unakagua nini kwenye kabati tupu? Bibi zetu huko mjini wameshaanza kupiga miayo. Seva ikikosa nafasi itaandika juu ya kanda kongwe, na kanda kongwe unajua ni za nani. Bibi Tuponile akiamka kesho hamjui marehemu mumewe, utakwenda wewe kumweleza?"

Kweli tupu. Nafasi ikiisha, seva haiombi ruhusa ya mtu.

Sekela alisimama. Akakaa. Akasimama tena na kuzunguka meza, feni za mitambo zikimvumia pande zote. Kuitoa kanda ile kabatini kulihitaji nafasi upande wa seva, na nafasi ndiyo iliyokosekana. Kabati jingine, jipya, lilikuwa limekwama kwenye tope njiani, lingefika kesho asubuhi. Kesho asubuhi haimsaidii mtu anayesinzia leo.

Na hata ikitoka, iende wapi? Kipuli hakivai kanda mbili. Walishajaribu kumwunganishia mtu vipande viwili, akawa anasalimia kila mtu mara mbili na kulia kati ya salamu. Ni moja au nyingine. Akivaa ya Isebele, ataamka ana mke na mtoto wa Isebele, kama wako hai, na Sekela atakuwa mwanamke wa kituoni tu. Atamwita dada. Atamshukuru kwa msaada.

Halafu neno moja tu lingemaliza yote. Neno dogo, la adabu, la kila siku. Bibi Tuponile angepata nafasi yake, Mama Kyando angenyamaza, na Sijui angerudi nyumbani jioni kupiga hodi mlangoni kwake. Na nani angejua? Orodha ya Isebele ilisema kabati ni tupu, na Gwamaka ilimhesabu kati ya waliokufa mlimani. Hata ingejulikana, watu wangesema masikini Sekela, naye kama Mzee Lutengano, mdomo ulimponyoka.

*

Alisikia hatua kwenye changarawe nje. Alizijua. Hatua za mtu anayebeba kitu cha moto na hataki kimwagike.

"Hodi!"

Mdomo wa Sekela ulifunguka wenyewe. "Ka—"

Taa ya seva ikawaka njano. Inasikiliza.

Akauma upindo wa kitenge chake. Aliuma mpaka meno yakagongana ndani ya kitambaa.

"Hodi humu ndani! Mke wangu, nimekuletea viazi, vya kuchoma. Na chai."

Mungu wangu, sababu ilikuwa hapo hapo, imewekwa mkononi kama zawadi! Hata asingehitaji kusema uongo. Mume wangu alikuja na viazi, nikamwitikia. Mji mzima ungemwitikia. Mke gani ananyamaza mume wake akipiga hodi na chai mkononi? Kunyamaza huko ndiko ambako kungeshangaza watu.

Machozi yalimtoka. Alimpenda mtu yule nje ya mlango, alimpenda kwa ile sijui yake, kwa vidole vyake kwenye maji ya asubuhi. Na aliona wazi kwamba akitema kitenge na kusema neno lile, tangu leo kila hodi ya mume wake ataijibu kama mwizi aliyekalia mali ya mwenyewe.

"Hodi?"

Hiyo ya tatu ilikuwa ya chini. Mtu mwenye adabu hapigi hodi ya nne. Chupa ya chai iliwekwa kizingitini taratibu, na hatua zikaanza kuondoka kwenye changarawe, za pole, za mtu anayejiambia kwamba mwenyeji hayuko tayari na wala hakukasirika.

"Hodi," ilisema seva. Ya tatu ya kabati.

Sekela alikaa kimya. Feni zilivuma. Taa ya njano ikakaa, ikakaa, ikazimika.

"Mgeni amebaki barazani," ilisema seva.

*

"Umefanya nini?" Mama Kyando hakutumia spika. Alikuja mwenyewe, viatu mkononi, anahema. "Sekela, umefanya nini, mwanangu? Limejifunga mpaka kesho!"

"Kuna mtu ndani."

"Kuna marehemu ndani. Marehemu wana Mungu. Mimi nina mji!"

"Hajafa, mama. Ni mume wangu."

 Mama Kyando aliangalia kabati, akaangalia chupa ya chai kizingitini.

"Sijui?"

"Ana jina." Sekela alipenga kamasi kwenye kitenge kilekile. "Ana mtoto pia."

Mkuu wa kituo akakaa kwenye kiti na kuvaa viatu, kimoja, kisha kingine. Alipomaliza kufunga kamba akasema, "Vipuli humimina mtu anaposinzia."

"Ndiyo."

"Asiposinzia?"

Sekela alimtazama.

"Usinitazame hivyo, mimi si malaika, nimekasirika kweli kweli. Lakini tumeshakesha kwa watu waliokufa. Tutashindwaje kukesha kwa aliye hai?" Alishainuka, anaelekea kwenye spika kubwa ya mji. "Na uji wa mkesha utakoroga wewe! Sufuria zote!"

Sauti yake ilipasua mji wa Ndumbi jua likiwa bado linang'ang'ania kilima. "Jamani, leo hakuna kulala! Nasema hakuna kulala! Seva imejaa mpaka kesho asubuhi. Njoo uwanjani na blanketi lako na ngoma kama unayo. Anayeona usingizi apigwe kiwiko. Atakayelala asinilaumu kesho akimwita mume wake shemeji!"

Watu walilalamika, tena kwa sauti. Wengine walitukana. Lakini walitoka, na kuni zao, na Bibi Tuponile mbele kabisa akiwa amebebewa kiti.

*

Sekela alimkuta Sijui kwenye ukuta wa mawe nyuma ya kituo, anamenya kiazi ambacho hakukusudia kukila. Akamwambia yote, bila kukaa. Angekaa asingemaliza.

Mume wake alisikiliza. Aliposikia jina, kisu kilisimama kwenye ganda.

"Gwamaka," alisema. Akalijaribu tena, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Halikumkumbusha kitu, na hilo lilionekana usoni mwake. "Na mtoto?"

"Lugano. Alikuvuta sikio."

Akagusa sikio lenye kovu. Kisha, mtu huyo mpole, akarusha kiazi mbali kwenye nyasi.

"Kwa nini hukusema karibu?" Sauti yake ilipanda. "Nilikuwa mlangoni! Nilikusaidia mwenyewe! Neno moja tu, Sekela, ningerudi nyumbani sina habari. Sasa nina habari. Sasa nifanye nini nazo?"

"Hata mimi sijui."

"Hilo ni jina langu, usininyang'anye."

Walicheka wote wawili, vibaya, na kicheko kikakatika.

"Nilitaka kusema," alisema Sekela. "Nakwambia kweli ya Mungu, nilitaka mpaka nikauma nguo. Lakini kitu ni chako. Ukichagua kubaki, baki. Ukichagua kwenda, mimi nitakufunga hicho kipuli kama nilivyokufunga kile cha kwanza. Ila uchague wewe. Nikikuchagulia mimi, nitakuwa nimelala na mtu niliyemfungia ndani."

 Kule uwanjani mtu alishaanza kupiga ngoma, na kila ngoma ikilegea Mama Kyando alisikika akiikaripia.

"Inasikilizika?" aliuliza mume wake.

"Barazani inasikilizika. Kuichukua ni mpaka kabati jipya lije, asubuhi."

"Basi nisikilize kwanza. Halafu tukeshe. Utanisimulia tangu siku ya kwanza, barabarani. Zote. Hata zile tulizogombana."

"Tuligombana kwa sababu ya mbegu za viazi tu."

"Na hizo."

Walirudi kituoni pamoja, ila Sekela alitangulia kuingia, akawasha taa na kuvuta kiti mbele ya kabati lile lenye tope. Alipogeuka, mume wake alikuwa bado amesimama nje ya kizingiti. Alikuwa ameokota chupa ya chai na ameikumbatia kwa mikono miwili. Alimeza mate.

"Hodi," alisema.

Seva haikuwasha taa yoyote. Neno lilikuwa huru mpaka asubuhi, la watu tu. Sekela alifuta uso kwa kiganja.

"Karibu," alisema. "Karibu, Gwamaka."

Alijifuta miguu mlangoni, akaingia.